Flashi ya kupiga Windows inagoma: sema kwanza inafia wapi

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, simu yangu hapa Mwanjelwa hailali. "Fundi, flashi inagoma." Halafu kimya. Ni kama mtu aende zahanati, aseme "naumwa", kisha akinge mkono apewe dawa. Huwa namrudishia swali moja tu: inafia wapi?

Flashi ya kusakinishia ina vituo vinne, kama basi la Mbeya kwenda Iringa linavyopita Igawa, Makambako na Mafinga. Kwanza inaandaliwa. Pili, mashine inaiona. Tatu, inawaka, yaani kompyuta inabuti kutoka kwenye flashi badala ya diski yake ya ndani. Nne, usakinishaji unaenda mpaka mwisho. Basi lililofia Makambako hulitengenezi ukiwa Igawa. Wengi wanaonipigia wameshaiandaa flashi upya mara tano wakati ugonjwa uko kwenye mipangilio ya mashine. Wengine wamehangaika na mipangilio mpaka wakaivuruga, kumbe faili walilopakua lilikatika njiani.

Kabla ya yote, kama mashine bado inawaka, toa picha, vyeti na kazi za chuo uziweke pembeni. Hilo silirudii tena.

Inafia kwenye kuandaliwa

Kosa la kwanza ni jepesi mno hata watu huona aibu kulitaja: mtu amepakua faili la ISO (faili moja lililobeba Windows nzima), akalikopi kwenye flashi kama anavyokopi nyimbo, akachomeka, kompyuta ikampita kama haijamwona. Kompyuta inapowaka haijui kufungua ISO. Inatafuta kianzishi, kifaili kidogo kilichokaa mahali maalumu, na kwako kimefungiwa ndani ya ISO. Umempelekea mpishi gunia la mchele wa Kyela likiwa bado limeshonwa, halafu unauliza pilau iko wapi. ISO lazima ifumuliwe na programu ya kazi hiyo, na kwa anayetumia Windows ninayoiamini ni Rufus. Ventoy inakuruhusu kukopi ISO ikiwa nzima, lakini ni kwa sababu Ventoy yenyewe umeshaisakinisha kwenye flashi na yenyewe ndiyo inayofungua gunia.

Kosa la pili liko kwenye ISO. ISO ya Windows ya siku hizi inavuka GB 5, na huku kwetu hiyo inapakuliwa kwa bando la usiku, simu ikiwa moto chini ya mto. Yanayotokea ni mawili. Ukihifadhi kwenye memori kadi iliyofomatiwa kwa FAT32, namna ya zamani ya kupanga mafaili, upakuaji unakufa ukifika GB 4, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja linalofikia ukubwa huo. Ukiona faili limegota hapo, usilaumu mtandao. La pili ni kwamba kiungo cha ISO unachopewa kwenye ukurasa wa Microsoft kinaishi saa 24. Ukianza leo usiku, ukasitisha, ukaja kuendelea keshokutwa, kimeshakufa na bando limekwenda nacho. Anza siku ambayo una uhakika utamaliza.

Kingine kinachowachanganya watu ni kwamba ukifungua ukurasa wa Windows 10 kwa kompyuta yenye Windows, unapewa programu ya kuandalia tu, ISO huioni. Ufungue ukurasa huohuo kwa simu, ISO inajitokeza. Hiyo programu ya Microsoft si mbaya, ila inajipakulia yenyewe kila unapoanza upya, na mwenye bando la kuhesabu hawezi kuishi hivyo. Pakua ISO mara moja, itunze.

Kujua kama ISO imefika salama ni amri moja. Fungua dirisha la amri (cmd), andika `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili, kisha `SHA256`. Utapewa mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule uliochapishwa na wenye ISO. Ikitofautiana herufi moja, faili halifai. Kwenye Linux (mfumo mwingine unaotumika badala ya Windows) amri ni `sha256sum`. Inachukua dakika chache, na imeniokolea jioni nyingi. Kwa hizo ISO "nyepesi" zinazozunguka kwenye makundi ya Telegram huna cha kulinganisha nacho, kwa hiyo huwezi kujua aliyeipunguza aliongeza nini. Mimi siziweki kwenye mashine ya mtu.

Ikiwa Rufus yenyewe inakataa kufunguka, tazama kompyuta unayoitumia. Kompyuta nyingi za steshenari zetu bado zina Windows 7, na Rufus kuanzia toleo la 4 inataka Windows 8 kwenda juu. Toleo la mwisho linalokubali Windows 7 ni 3.22. Bado lipo, lipakue, linafanya kazi yake vizuri.

Wapo wanaotumia balenaEtcher, au amri ya `dd` kwenye Linux. Kwa Ubuntu au Mint, ambazo ni aina za Linux, hizo ni sawa kabisa, kwa kuwa ISO zao zimeundwa ziweze kumiminwa moja kwa moja juu ya flashi. ISO ya Windows haikuundwa hivyo. Etcher itamaliza, flashi utaipata, haitawaka. Huna haja ya kurudia, badilisha programu.

Na kama uko kwenye Linux ukaamua kukopi mwenyewe mafaili ya Windows kwenye flashi ya FAT32, utakwama kwenye faili moja tu liitwalo install.wim, lililoko ndani ya folda ya sources, kwa sababu ileile ya GB 4. Unaligawa kwa `wimlib-imagex split install.wim install.swm 3800`, unaweka vipande, Windows inavielewa bila kuambiwa.

Flashi yenyewe ni mgonjwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapotea.

Ukiambiwa flashi haiandikiki, jaribu kwanza tundu jingine na kompyuta nyingine. Ikiwa ni memori kadi ndani ya adapta yake, angalia kile kiswichi kidogo cha ubavuni kisiwe kimeshuka. Baada ya hapo, kwenye dirisha la amri andika `diskpart`, chagua flashi, `attributes disk clear readonly`. Ikigoma hata hapo, flashi imeshajifunga yenyewe. Chipu yake ya ndani ikiona kumbukumbu zimechoka, inakubali kusomwa lakini haikubali tena kuandikwa. Toa mafaili yako, uiage.

Flashi ya GB 16 ikaonesha MB chache tu baada ya kuwekewa Linux? Haijaharibika. Windows inaona kipande kimoja tu, vingine haivielewi. Fungua `diskpart`, `list disk`, `select disk` na namba ya flashi, `clean`, halafu `create partition primary` na `format fs=fat32 quick`. Ila soma namba ya diski mara mbili. Hiyo `clean` haiulizi "una uhakika?". Kuna fundi tuliyekuwa naye kibanda kimoja, alichagua diski 0 mchana mmoja akiwa anazungumza na mteja, na diski 0 ilikuwa na hesabu za duka la mteja huyohuyo. Mimi hutambua flashi kwa ukubwa wake, na nikiwa na shaka naichomoa, naandika `list disk` tena nione ni ipi iliyotoweka.

Sasa flashi feki. Umeuziwa GB 128 kwa bei ya sahani ya chipsi kuku, na ukiichomeka inaandika kabisa GB 128. Chipu imefundishwa kusema uongo. Ndani kuna GB 8, au pungufu ya hapo. Ukiandika zaidi ya uwezo wake wa kweli, haikatai. Inapokea, inaitikia "tayari", na data inakwenda na maji. Kwa hiyo kwenye kituo cha kwanza kila kitu kinapita salama, Rufus inamaliza vizuri, kompyuta inaiona, hata inawaka. Inafia kituo cha nne, asilimia 30 leo, 62 kesho, ikidai faili limeharibika. Ndiyo maana hii nakuruhusu kuirudia kuanzia Igawa.

Dawa ni kuipima siku ile ile unayoinunua. Ndani ya Rufus kuna sehemu ya kukagua flashi kama ina maeneo mabovu. Itie tiki, anza. Kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux kuna `f3write` na `f3read`. Zote zinaijaza flashi kisha zinasoma kilichoandikwa. Zinachukua saa kadhaa, na ya Rufus inafuta kila kitu, lakini hazidanganywi. Kwa Windows, flashi ya GB 8 ya kweli ndiyo ya chini kabisa. Mimi nanunua ya 16.

Mashine haiioni

Kwanza, kitufe cha kufungua orodha ya kuchagua mashine iwake kutoka wapi. Kila kampuni ina chake, nacho kinabonyezwa harakaharaka mara tu unapowasha, kabla nembo haijapita. HP ni Esc kisha F9. Dell F12. Lenovo F12, au laptopu nyingi za IdeaPad zina kitundu kidogo ubavuni. Mashine ikiwa imezimwa, chomeka kipini cha kutolea laini ya simu, orodha inakuja. Toshiba F12. Asus za laptopu Esc, za mezani F8. Acer ni F12 pia, lakini hapo kuna mtego: mara nyingi F12 imezimwa kiwandani. Inabidi uingie kwa F2 ukaiwashe kwenye ukurasa wa Main, uhifadhi kwa F10, ndipo urudi.

Kwenye kibodi ambazo F12 imepewa kazi ya sauti au mwanga, shika Fn pamoja nayo.

Umebonyeza na Windows imefunguka tu? Basi hukuizima kweli. Windows za sasa zina tabia ya kusinzia badala ya kulala, ili kesho ziwake haraka. Shika Shift huku unabofya kuzima, au chagua kuwasha upya badala ya kuzima.

Tundu nalo lina maneno yake. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, yaliyoungwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Ya mbele yanapita kwenye waya ambao pengine panya wa stoo ameshauonja. Usipitishe flashi kwenye kigawanyio cha USB. Na kwa anayeweka Windows 7 mpaka leo (wapo, hasa wenye mashine za kuchapia na programu za zamani), tumia tundu jeusi, si la bluu. Windows 7 haina draiva (programu za kuendeshea vifaa) za USB 3 ndani yake, kwa hiyo inawaka vizuri, halafu kipanya na kibodi vinakufa kwenye ukurasa wa kwanza.

Mashine kuukuu inayosahau mipangilio kila ikichomolewa umeme, saa ikirudi nyuma miaka, inataka betri ya CR2032 kwenye ubao mama. Ni sarafu tu, inapatikana hata kwa wauza saa.

Inaiona, ila haiwaki

Hiki ndicho kituo changu cha aibu, kwa hiyo nikisimulie.

Mpwa wangu yuko Mafinga. Laptopu yake ilikwama, akaniomba flashi. Nikaiandaa hapa, nikaijaribu kwenye mashine ya mezani ya kibandani, ikawaka bila shida. Nikaifunga kwenye bahasha, nikamkabidhi konda wa basi la asubuhi. Saa nane mchana simu ikaita.

"Shikamoo mjomba. Nimeipata, lakini nikiichagua kioo kinapepesa tu, halafu inarudi palepale kwenye orodha."

"Marahaba. Laptopu yako ya mwaka gani?"

Swali hilo nilipaswa kuliuliza jana yake. Mashine yangu ya kibandani ina prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, mzee wa BIOS. Yake ilikuwa mpya, ya UEFI tupu. Hizi ni namna mbili tofauti za kuwaka. BIOS ya zamani inasoma kipande cha kwanza kabisa cha diski na kufuata kinachosemwa pale. UEFI haijali kipande hicho. Inatafuta folda ya EFI, ndani yake boot, ndani yake faili la bootx64.efi. Rufus inakuuliza mapema unaiandaa kwa ajili ya nani. Ukichagua MBR, mpangilio wa zamani wa kugawa diski, kwa ISO ya Windows unapata flashi ya BIOS. Ukichagua GPT, mpangilio mpya, unapata ya UEFI. Ya huyu haimfai yule. Nilikuwa nimeiandaa kwa mashine iliyokuwa mbele ya macho yangu, si kwa ile iliyokuwa Mafinga.

Kilichotuokoa ni mazoea. Kila flashi ninayoandaa huwa naiachia na ISO yenyewe ndani, kwenye folda yake, nafasi ikitosha na fomati ikiwa NTFS, isiyo na mpaka wa GB 4. Mpwa akaenda steshenari ya jirani, akakopi ISO kwenye kompyuta ya pale, akakuta Windows 7, Rufus mpya ikamkatalia, nikamwelekeza ile 3.22. Akaiandaa upya kwa GPT. Hakutumia bando isipokuwa la Rufus, ambayo ni MB chache.

Kwa hiyo, kabla ya kuandaa, jua mashine. Kwenye Windows inayowaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, tazama mstari wa BIOS Mode. Ukikuta Legacy, andaa kwa MBR. Ukikuta UEFI, GPT. Mashine ikiwa imekufa kabisa, makadirio yangu ni haya: iliyokuja na Windows 8 au zaidi tangu dukani, ni UEFI, ya Windows 7, jaribu MBR kwanza.

Ugonjwa wa pili wa kituo hiki ni Secure Boot, mlinzi wa getini anayeruhusu tu vianzishi vilivyotiwa sahihi anayoifahamu. Windows anaifahamu. Ubuntu anaifahamu. Linux nyingi ndogondogo hazifahamu, na utapata ujumbe mwekundu au kurudishwa kimyakimya kwenye orodha. Ventoy mara ya kwanza italeta ukurasa wa bluu. Usiogope, chagua "Enroll key from disk", ingia VTOYEFI, chagua faili la ENROLL_THIS_KEY_IN_MOKMANAGER, kubali, washa upya. Ni mara moja tu kwa kila mashine.

Kuna na hili lililoniumiza kichwa mwaka 2024. Flashi yangu ya Ubuntu ya siku zote ikaanza kukataliwa na baadhi ya laptopu, kioo kikiandika maneno ya "SBAT" na "Security Policy Violation". Flashi ilikuwa nzima. Sasisho la Windows la Agosti 2024 lilikuwa limewaongezea walinzi orodha ya vianzishi vya zamani visivyoruhusiwa. Pakua ISO mpya ya Ubuntu, au zima Secure Boot kwa muda.

Kuizima nako kuna vituko. Acer inakuonesha mstari wake ukiwa umefifia, haubofyeki, mpaka uweke kwanza nywila ya msimamizi ndani ya BIOS, yaani kurasa za mipangilio ya mashine. Iweke, zima, kisha iondoe. Usije ukaisahau, kuifungua ni kazi nyingine na bei nyingine. HP nyingi, ukishazima na kuwasha upya, zinakuandikia tarakimu nne na kukutaka uzichape kisha Enter. Watu wanadhani ni hitilafu, wanazima, Secure Boot inarudi kama ilivyokuwa.

Na tahadhari: laptopu yenye BitLocker (kufuli la Windows linalofunga diski) ukiigusa Secure Boot, inaweza kuwaka ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Kama mteja hana ufunguo huo na anataka data zake, usiguse kitu. Mwambie aingie kwanza kwenye akaunti yake ya Microsoft, maana mara nyingi umehifadhiwa huko.

Imewaka, inakwama ndani

"Windows cannot be installed to this disk", halafu chini inataja MBR au GPT. Hapa flashi na diski havielewani namna ya kuwaka. Tazama tena ile orodha ya kuchagua: mara nyingi flashi iliyoandaliwa na programu ya Microsoft inajitokeza mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI mbele. Diski ni ya MBR na unataka kuhifadhi vilivyomo? Chagua isiyo na neno hilo. Diski ni tupu au hujali? Bonyeza Shift na F10, `diskpart`, `select disk 0`, `clean`, `convert gpt`. Hapo kila kilichokuwemo kimeondoka, D na E zikiwemo, siyo C peke yake kama wateja wanavyodhani.

Orodha ya diski iko tupu kabisa. Kwa laptopu za Intel kuanzia kizazi cha 11, diski mara nyingi ni nzima. Imefichwa nyuma ya kitu kinachoitwa VMD. Pakua draiva ya Intel RST ya mashine hiyo, ukiwa kwenye kompyuta nyingine iendeshe kwa `SetupRST.exe -extractdrivers` na jina la folda, weka folda kwenye flashi, kisha kwenye usakinishaji bofya Load driver uielekeze huko. Njia ya mkato ni kuzima VMD ndani ya BIOS. Kwenye Acer mstari huo haupo mpaka ukiwa ukurasa wa Main ubonyeze Ctrl na S. Ila ukizima na Windows ya zamani bado imo, hiyo ya zamani haitawaka tena. Kwa anayefuta yote haina neno.

Ujumbe unaodai kuna draiva ya "media" inakosekana unadanganya watu wengi. Wanaanza kusaka draiva. Ninavyokutana nao, ni ISO iliyokatika, flashi feki, au tundu la bluu kwenye mashine isiyolipenda. Hivyohivyo makosa ya 0x80070570 na 0x8007025D: mashine imesoma kitu kisichosomeka. Anza na SHA256, halafu badilisha flashi, halafu tundu, na mwisho kabisa RAM. Toa kipande kimoja cha RAM, jaribu, kisha badilisha. Vipande vilivyolegea baada ya safari ya barabara ya vumbi nimevikuta zaidi ya mara moja.

Windows 11 inakataa mashine. Inataka UEFI yenye Secure Boot, TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na kwa Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Kabla hujakata tamaa, ingia BIOS utafute PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD. Mara nyingi TPM ipo, imezimwa tu. Rufus nayo inakupa kisanduku cha kuruka masharti hayo unapobofya START. Inafanya kazi, lakini si kila mahali: kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inahitaji amri za prosesa ambazo Core 2 Duo hazinazo, na hapo hakuna ujanja, itajizima na kujiwasha hadi uchoke.

Mwanafunzi anayeniletea laptopu ya mtumba ya kizazi cha 2 yenye RAM ya GB 4 huwa namwambia waziwazi. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 ya kulazimisha itakuwa kama lori lililopakia viazi kupita kiasi likipanda mlima. Namwekea Linux Mint, namwachia LibreOffice, anaandika kazi zake. Wapo waliokasirika. Mmoja alirudi baada ya mwezi kuniletea ya mdogo wake.

Umeme ukikatika katikati ya kuandaa flashi, usilie. Flashi haijafa, rudia tu. Ukikatika katikati ya usakinishaji kwenye laptopu isiyo na betri, rudia pia, lakini safari hii futa mgawanyo wote wa diski kwanza. Masika ya ngurumo huku kwetu, mimi sianzi kusakinisha bila betri inayoshika.

Na simu ya mwisho ya siku, karibu kila siku, ni hii: "Fundi, imefika asilimia 100, ikajizima, ikawaka, imeanza upya tangu mwanzo. Mara ya tatu sasa." Hiyo ni nzima. Flashi bado iko kwenye tundu na imewekwa mbele ya diski, kwa hiyo kila mashine inapowaka inaingia tena kwenye flashi. Kioo kikiwa cheusi mara ya kwanza, ichomoe.